Muundi, Kabichi na Chungu cha Vilna

Tarehe 23 Januari 1940, ofisi ya hataza ya Marekani ilimpa mhandisi wa Chicago, Irving Nachumsohn, hataza ya chombo cha kupikia. Muundo wake haukuwa na mbwembwe: chungu, kifuniko, na waya wa joto uliozungushwa ubavuni. Huko ubavuni ndiko kwenye maarifa yote. Jiko la kawaida hupiga moto chini ya sufuria, kwa hiyo chakula cha chini huungua huku cha juu hakijapata joto, na mpishi hana budi kusimama na mwiko mkononi. Joto dogo linalokizunguka chungu pande zote haliunguzi. Mpishi anaweza kufunika, akaenda zake kazini, akarudi jioni.

Nachumsohn alizaliwa mwaka 1902 katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ulaya ya Mashariki. Alikuwa mtu wa vitu vingi. Alisoma uhandisi wa umeme kwa njia ya posta, akaajiriwa na kampuni ya Western Electric, kisha akafanya na kufaulu mtihani wa mawakili wa hataza ili asimlipe mtu kumwandikia maombi yake. Hadi anafariki alikuwa na hataza zaidi ya 200, zikiwamo za kikaango cha umeme na ubao wa taa unaopitisha maandishi ya habari.

Wazo la chungu, hata hivyo, hakulipata karakanani. Alilipata kwa mama yake, Tamara, aliyekuwa akimsimulia habari za Vilna, mji ambao leo ni Vilnius, makao makuu ya Lithuania, na ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Urusi. Sensa ya mwaka 1897 ilikuta kwamba Wayahudi walikuwa kama watu wanne katika kila kumi mjini humo. Kila Ijumaa alasiri watoto walitumwa na vyungu kwa mwokaji mikate. Sheria ya Sabato inakataza kuwasha moto tangu jua linapozama Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi, lakini chakula kilichotiwa tanurini kabla ya hapo kinaweza kuachwa kiendelee kuiva. Mwokaji alikuwa amemaliza mikate yake, moto umekufa, ila matofali bado yana joto la kutosha usiku kucha. Vyungu vilipangwa humo, mlango ukafungwa. Ndani yake mlikuwa na cholent: nyama, maharage, shayiri, viazi, kila nyumba na mapishi yake. Siku ya pili, watu wakitoka sinagogi, chakula cha moto kiliwasubiri bila mtu yeyote kugusa kuni.

Maisha hayo yalifutwa. Kati ya 1941 na 1944 Wanazi na washirika wao waliwaua karibu Wayahudi wote wa Vilna, makumi ya maelfu wakipigwa risasi katika msitu wa Ponary, nje kidogo ya mji. Hataza ya Chicago ilikuwa imetoka mwaka mmoja na nusu tu kabla ya mauaji hayo kuanza.

Mwaka 1945 Nachumsohn alilifupisha jina lake likawa Naxon, kwa kuwa jina lenye mlio wa Kijerumani lilikuwa mzigo katika Marekani ya wakati wa vita. Chombo chake kikauzwa kama Naxon Beanery, kikilengwa kwa wapika maharage, na kwa miaka mingi hakikutikisa soko. Mwaka 1970 aliiuza kampuni yake kwa Rival ya Kansas City. Rival wakakibadilisha sura, wakampa mtaalamu wao wa mapishi, Mabel Howard, kazi ya kuandaa kijitabu cha mapishi, na mwaka 1971 wakakipeleka kwenye maonyesho ya vyombo vya nyumbani Chicago kwa jina la Crock-Pot. Mauzo yalikuwa dola milioni 2 mwaka huo wa kwanza. Mwaka 1975 yalifika dola milioni 93. Wanawake wengi wa Marekani walikuwa wameanza kufanya kazi nje ya nyumba, na tangu mwaka 1973 mafuta yalikuwa yamepanda bei kiasi cha kila familia kuhesabu matumizi yake ya nishati. Mwaka 1974 ukaja uboreshaji ambao mpishi yeyote anayeosha vyombo mwenyewe ataushukuru: chungu cha ndani kikaanza kutoka.

Matangazo ya Rival yaliahidi kwamba chungu kitapika kutwa nzima mpishi akiwa hayupo. Ahadi hiyo ni ya kweli, ila ni ya kweli kwa katikati ya mapishi tu. Mwanzo na mwisho bado ni vya mkono wa mtu, na vyakula vingi vibaya vilivyotoka katika vyungu hivi kwa nusu karne vimetokana na watu kuambiwa watie kila kitu asubuhi, wawashe, wasahau. Hakuna chakula kinacholionyesha jambo hili kuliko supu ya kabichi na nyama ya ng'ombe.

Supu hii inatoka ukanda ule ule wa tanuri la Vilna. Kabichi ndiyo mboga iliyowavusha majira ya baridi watu wa Poland, Lithuania, Belarus, Ukraine na Urusi. Huvumilia baridi shambani, hukaa wiki nyingi ghalani bila kuoza, na ikikatwa nyembamba na kusindiliwa na chumvi ndani ya pipa huchachuka kwa kazi ya bakteria wa asidi ya laktiki, ikaliwa mpaka theluji iyeyuke. Nahodha James Cook alipong'oa nanga Uingereza mwaka 1768 kuelekea bahari za kusini, alipakia mapipa ya kabichi ya namna hiyo ili kuwakinga mabaharia wake na kiseyeye.

Warusi wana shchi, supu ya kabichi ambayo tangu zamani ilipikwa ndani ya tanuri kubwa la matofali lililojengwa ndani ya nyumba. Chungu kiliingizwa moto ukiwa umeshapungua, kikabaki humo kwa saa nyingi, kikitokota bila kufurika. Wapoland wana kapuśniak, nayo hupikwa kwa kabichi iliyochachushwa na mara nyingi nyama ya nguruwe. Kuna aina ya shchi ambayo kwa makusudi huachwa siku nzima kabla ya kuliwa, na wasafiri wa majira ya baridi walikuwa wakibeba shchi iliyoganda kuwa barafu, wakakata kipande kwa shoka na kukiyeyusha njiani.

Wayahudi wa ukanda huo waliipika supu hiyo kwa masharti yao wenyewe. Mrusi humalizia bakuli lake kwa kijiko cha smetana, yaani malai iliyochachuka. Myahudi anayeshika sheria ya kosher hachanganyi nyama na maziwa, kwa hiyo ukali wa supu yake lazima utoke kwingine: maji ya limau, kisha sukari au zabibu kavu za kuupooza. Walipohamia Marekani kwa mamia ya maelfu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, waliongeza nyanya za kopo, zilizokuwa rahisi kupatikana huko. Nyama yao ya supu ilikuwa flanken, ubavu wa ng'ombe uliokatwa kwa kukingama mifupa, wenye mafuta na nyuzi na bei nafuu. Hivi ndivyo supu ya kabichi yenye utamu na ukali ilivyokuwa chakula cha kawaida katika migahawa ya Kiyahudi ya New York. Inastahili kabisa kupikwa katika chungu cha Naxon. Vyote viwili vimetoka jikoni kwa watu walewale.

Tuanze buchani. Anayetaka supu hii apite mbali na fileti na steki laini. Kutia fileti ndani ya chungu cha umeme kwa saa nane ni kupoteza fedha na nyama kwa pamoja, kwa sababu haina kitu cha kuyeyuka; itakauka tu, iwe nyuzinyuzi zisizo na ladha. Nyama inayotakiwa ni ile ya viungo vilivyofanya kazi maisha yote ya ng'ombe: shingo, kidari, ubavu, na juu ya vyote muundi, sehemu ya mguu yenye mishipa myeupe na mfupa wenye uboho.

Weupe huo ni kolajeni, protini inayofunga misuli. Nyama ikifika nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, misuli yake hujikunyata na kukamua maji, na hapo ndipo inapokuwa ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi. Mpishi asiye na subira akiionja wakati huo hulaumu bucha. Kuanzia nyuzi 70 kolajeni huanza kulegea na kugeuka jelatini, lakini kazi hiyo haikimbizwi; huchukua saa kadhaa, na huenda vizuri zaidi karibu na nyuzi 80 au 90 kuliko katika mchemko mkali unaoisukasuka nyama mpaka ikachanika. Aliyewahi kunywa supu ya makongoro asubuhi Kariakoo au Manzese anaijua jelatini hata kama hajawahi kulisikia jina lake: ndiyo inayofanya midomo inate. Supu ya muundi iliyolazwa kwenye friji ikaamka imeganda na kutikisika imepikwa sawasawa.

Vyungu vingi vya kisasa vina mahali pawili pa kuchagua, joto la chini na joto la juu, na watu wengi hudhani ya kwanza ina kikomo cha chini kuliko ya pili. Sivyo. Kwa kawaida zote mbili huishia karibu kabisa na kiwango cha mchemko. Tofauti ni muda wa kufika huko. Muundi unaohitaji saa nane au tisa kwenye joto la chini utaiva kwa tano au sita kwenye joto la juu. Aliyeko nyanda za juu aongeze muda. Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na nyama hukawia kulainika kuliko Mombasa au Tanga.

Kuna jambo moja ambalo chungu hiki hakiwezi hata kikiachwa siku mbili: kuikausha nyama mpaka igeuke rangi ya kahawia. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi asidi za amino na sukari zinavyoungana kwa joto na kuzaa misombo mipya. Misombo hiyo ndiyo harufu ya nyama choma, ya ganda la mkate, ya kahawa iliyokaangwa. Katika kikaango hutokea kwa kasi joto linapopita nyuzi 140, na ndani ya maji joto halipandi kufika huko. Kwa hiyo kikaango hakikwepeki. Nyama ikaushwe kwa kitambaa au karatasi, inyunyizwe chumvi, iwekwe kwenye mafuta yenye moto mkali, vipande vichache kwa zamu ili visitoe maji na kujichemsha vyenyewe. Kila upande upate rangi. Vitunguu vifuate humo humo, kisha nyanya ya kopo ya kukoleza, ikaangwe dakika mbili mpaka wekundu wake uive na ukakasi uondoke. Halafu kikombe cha maji kimwagwe ndani, na kila kilichogandia chini kikwanguliwe kwa mwiko. Maji hayo ya kahawia yote yaingie chunguni. Dakika 20 za kazi hii ndizo zinazotenganisha supu na maji ya nyama.

Kwa chungu cha lita sita, vipimo hivi vinatosha watu sita hadi wanane: kilo moja na robo ya muundi au ubavu wenye mifupa, vitunguu maji viwili vikubwa, punje nne za kitunguu saumu, karoti tatu, viazi mviringo vitatu, nusu kilo ya nyanya zilizomenywa na kukatwa, vijiko viwili vya nyanya ya kopo, kabichi ya gramu 800 hivi, na lita moja na nusu ya maji. Maji yanaonekana machache kwa aliyezoea sufuria, lakini mvuke hugota kwenye kifuniko na kurudi chini, na kabichi nayo hutoa maji yake. Chungu kijae kati ya nusu na theluthi mbili. Kikijaa mpaka ukingoni joto hukawia. Kikiwa na kidogo sana chakula hukauka kingoni.

Karoti na viazi vitangulie chini, karibu na ukuta wa chungu. Hili huwashangaza wengi, lakini mizizi hukawia kuiva kuliko nyama katika joto hili. Nyama iwe juu yake, kisha vitunguu, kitunguu saumu, pilipili manga ya punje, chumvi kijiko kimoja cha chai, na maji ya moto. Yasiwe ya baridi: chungu cha umeme hupanda joto taratibu, na kukianzisha na maji ya bomba ni kukiongezea saa nzima ya kuhangaika.

Sasa kabichi, ambayo ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ndani yake mna misombo yenye salfa. Kabichi mbichi ikikatwa, misombo hiyo huipa ukali unaofanana na haradali. Ikipikwa kidogo, ukali huo hupungua na utamu wake hujitokeza. Ikipikwa muda mrefu huvunjika na kutoa haidrojeni salfaidi, harufu ile ya yai bovu ambayo watu waliosoma shule za bweni wanaikumbuka bila kupenda. Kadiri inavyokaa motoni ndivyo harufu inavyozidi. Kutia kabichi yote saa moja asubuhi na kuipakua saa kumi na mbili jioni ni kuyaomba hayo.

Wapo wanaotetea njia hiyo, na hoja yao si bure: shchi ya kale ilikuwa na kabichi iliyolainika sana, na kulainika huko ndiko kulikoipa supu uzito. Lakini shchi hiyo mara nyingi ilipikwa kwa kabichi iliyochachushwa, na asidi huzuia kuta za chembe za mboga zisisambaratike. Kwa kabichi mbichi, njia bora ni kuigawa. Robo yake, iliyokatwa nyembamba sana, iingie mwanzoni pamoja na nyanya, ipotelee kwenye mchuzi na kuufanya mzito. Robo tatu zilizobaki, zikatwe vipande vinavyoenea kijiko, zingoje mpaka nyama imelainika. Zitumbukizwe kwanza dakika moja kwenye maji yanayochemka ili zisiupoze mchuzi, zikaingizwe chunguni, joto liwekwe juu, kifuniko kirudi kwa dakika 45 hadi saa moja. Zitatoka laini, zikiwa bado na umbo na utamu wake.

Kifuniko ni kifuniko. Kila kikiinuliwa joto lililokusanywa taratibu hutoka kwa pamoja, na watengenezaji hushauri kuongeza dakika 20 hadi 30 kwa kila ufunuaji. Supu hii inahitaji kufunuliwa mara mbili tu: kutia kabichi, na kukoleza.

Kukoleza huja mwisho, na hapo ndipo upishi wa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki unapoonyesha ubingwa wake. Mifupa itolewe, nyama ichambuliwe na kurudishwa, mafuta yanayoelea yaenguliwe kwa upawa. Kisha maji ya malimau mawili na kijiko kimoja na nusu cha sukari, si vyote kwa mara moja. Limau kidogo, onja; sukari kidogo, onja. Lengo ni ukali unaosikika kwanza, na utamu unaofuata nyuma yake bila kuushinda. Konzi ya zabibu kavu huongeza mviringo wa ladha, na wanaoshangaa zabibu ndani ya supu ya nyama wakumbuke kwamba pilau nyingi za pwani zinazo. Limau likitiwa asubuhi lingekuwa limepoteza harufu yake yote kufikia jioni, na viazi vingekuwa bado vigumu, kwa kuwa asidi hiyohiyo inayoiokoa kabichi huvichelewesha viazi. Ndimu inafaa pia, ila ina ukali zaidi. Nusu ya kipimo inatosha kuanzia. Chumvi irekebishwe baada ya limau, kamwe si kabla, maana asidi huufanya ulimi uisikie chumvi zaidi.

Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa maana ya moto mdogo. Mpishi wa pwani anapofunika wali, akapunguza makaa chini na kupalia mengine juu ya kifuniko, anafanya kazi ileile ya Naxon: joto la pande zote, kwa kiasi, bila kukoroga. Kabichi nayo si mgeni tena. Kutoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara, hushuka kwa malori hadi masoko ya Dar es Salaam, na kutoka Kinangop hadi Nairobi. Kikwazo kimekuwa gharama ya kuweka moto kwa saa nyingi. Kuchemsha muundi kwa mkaa ni kuchoma mkaa wa siku.

Hapo hesabu ya chungu cha umeme inastahili kufanywa kwa makini. Chungu cha wati 250 kikiwaka saa nane hutumia uniti mbili za umeme, na vingine hutumia pungufu, kwa kuwa hujipunguza vikishafika joto lake. Kila nyumba yenye luku inajua uniti mbili ni shilingi ngapi na inaweza kuzilinganisha na kopo la mkaa. Tanzania imejiwekea lengo, katika mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024, la kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mazungumzo mengi yamekuwa juu ya gesi na sufuria za umeme za presha. Sufuria ya presha ina haraka, na kwa maharage ni mshindi. Chungu cha polepole kinamfaa zaidi anayeondoka alfajiri na kurudi magharibi, na bei yake mara nyingi ni ya chini.

Tahadhari mbili kwa anayeletewa chungu na ndugu aliyeko Minnesota au Texas. Cha Marekani hutumia volti 120, na umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240. Kikichomekwa moja kwa moja kitaungua siku hiyohiyo. Kinahitaji transfoma yenye uwezo unaozidi wati zake, au kiachwe huko na kinunuliwe cha hapa.

Ya pili ni ya kukatika kwa umeme. Bakteria wa chakula huzaliana haraka kati ya nyuzi 4 na 60, na chungu kikizimika hushuka humo taratibu huku kikionekana bado kina moto. Umeme ukikatika mpishi akiwepo, supu ihamishiwe jikoni kwa gesi au mkaa na imalizwe huko. Ukikatika wakati hakuna mtu nyumbani, na haijulikani ulikaa bila kuwepo muda gani, supu imwagwe, hata kama nyama inaonekana imeiva. Ni uchungu kumwaga kilo ya muundi. Lakini kuchemsha upya huua bakteria, hakuondoi sumu zote ambazo baadhi yao wameshaziacha. Kwa sababu hiyohiyo nyama isiingie chunguni ikiwa bado ni barafu.

Na maharage. Wengi hupenda kuyatia kwenye supu hii, na huendana nayo vizuri, lakini maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, na joto la chungu linaweza lisitoshe kuivunja. Joto la nusunusu huweza hata kuiongezea nguvu. Wataalamu wa chakula wa serikali ya Marekani hushauri yalowekwe angalau saa tano, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu dakika 30 kwenye maji mapya ndipo yaingie chunguni. Kuyaloweka peke yake hakutoshi.

Asiye na umeme wa kutegemea ana njia nyingine, kongwe kuliko ya Naxon. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867, Johan Sørensen wa Norway alionyesha sanduku lililosheheni vizuia joto: chakula kilichemshwa jikoni kwa muda mfupi, kikafunikwa, kikatiwa sandukuni, kikamalizika kuiva kwa joto lake chenyewe. Waingereza walitumia masanduku ya nyasi kavu ya namna hiyo wakati wa vita vya pili vya dunia. Mwaka 2008 Sarah Collins wa Afrika Kusini alianzisha Wonderbag, mfuko wa kitambaa uliojazwa vipande vya sponji, kwa kazi hiyohiyo, na huko Kenya vikapu vilivyoshonewa bitana nene vimekuwa vikifanya hivyo pia. Kwa supu hii, sufuria nzito yenye kifuniko kinachobana ichemshwe dakika 40 nzima, ikiwa imejaa, kisha iingie kapuni kwa saa nne au tano. Muundi mgumu utataka kurudishwa motoni ukachemke tena, kabla ya kabichi kuingia.

Supu huwa bora siku ya pili. Ladha zimeingiana, mafuta yameganda juu na yanaondolewa kwa kijiko kama karatasi. Ila isiachwe chunguni ipoe usiku kucha. Udongo mzito wa chungu hushika joto, na supu itakaa saa nyingi mno katika kiwango kibaya. Igawiwe kwenye mabakuli mapana yasiyo na kina, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na itumike ndani ya siku tatu au nne. Kuipasha ni kazi ya sufuria ya kawaida juu ya moto mkubwa mpaka ichemke, kwa sababu chungu cha umeme hupanda joto polepole mno kwa kazi hiyo. Limau lionjwe upya kabla ya kupakua; friji hupunguza ukali wake, na nusu ya limau moja kwa kawaida huurudisha.